Mashini ya zamani inaplanta? Usiformate kwanza: mwongozo kamili tokea umeme mpaka programu

Kila wiki mtu analeta mashini na neno ni lilelile: "Niformatie tu Windows, inaplanta." Unaformata, unalipwa, anaenda, kisha siku chache tu amerudi na mashini inaplanta vilevile, na sasa njo wewe unaitwa mwizi. Juu shida haikukuwa Windows. Hapa Goma mashini ya okazyo (iliyotumika) ikianza kuplanta, yaani kujizima au kuganda, mimi naangalia kwanza umeme, kisha joto na vumbi, kisha rami (kumbukumbu ya muda ya mashini), kisha disiki duru, na Windows yenyewe na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na programu vinakuja nyuma. Fuata huo mpangilio, usiruke, juu ukiformata mashini yenye disiki inayokufa unaweza poteza picha za harusi na mémoire ya mwanafunzi (kazi yake ya mwisho wa masomo) kwa mara moja.

Na kabla ya yote: kama bado inawaka hata dakika kumi, toa mafaili ya maana uweke kwenye kle (ya USB) au disiki ya inje. Hiyo si ya kufanya kesho.

Mashini imeplanta namna gani?

Hili swali watu wanalipita haraka na ndilo linaokoa saa nyingi. Kuzimika ghafla kama mtu amechomoa waya, bila ujumbe wowote, hapo fikiria umeme ao joto. Ekra ya buluu yenye kodi, hapo Windows yenyewe imekubali kuna kitu kibaya na imeandika ni nini. Kuganda kabisa, mausi haisogei, sauti inarudia-rudia, mara nyingi ni rami, disiki ao karti ya picha. Programu moja tu inajifunga na zingine zinaenda vizuri, hapo usifungue visi yoyote, shuka moja kwa moja kwenye sehemu ya programu.

Chukua kadaftari andika saa na mashini ilikuwa inafanya nini. Windows nayo iko na kadaftari yake. Finya ile touche ya Windows pamoja na R, andika `perfmon /rel`, utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyoplanta. Napenda kutumia hizi komandi za R juu zinaenda sawa kwa Windows ya Kifaransa na ya Kiingereza, huna haja ya kutafuta menyu.

Ukitaka kwenda ndani zaidi andika `eventvwr.msc`, ingia kwa Journaux Windows, kisha Système. Utakuta Kernel-Power namba 41, na hapo watu wengi wanakosea, wanaona 41 wanasema alimantasyo (kisanduku kinacholisha mashini umeme) imekufa wanaenda kununua ingine. 41 inasema tu kwamba mashini ilizimika bila kuaga, basi. Fungua détails uangalie BugcheckCode. Kama ni 0, Windows haikupata hata muda wa kuandika, kwa hiyo rudi kwa umeme na joto. Kama si 0, ile ndiyo kodi ya ekra ya buluu lakini imeandikwa kwa hesabu ya kawaida: 292 ni 0x124, 159 ni 0x9F, 122 ni 0x7A, 26 ni 0x1A. Kalkulatri ya Windows ukiiweka kwa mode ya programeri inakugeuzia.

Kama ekra ya buluu inapita haraka huwezi soma, andika `sysdm.cpl`, nenda kwa paramètres système avancés, halafu Démarrage et récupération, toa ile alama ya Redémarrer automatiquement. Sasa itabaki pale pale mpaka upige picha na simu.

Kodi ninazoziona sana na mahali zinaelekeza: 0x7B, Windows haioni disiki ya kuwakia. 0x7A na 0x24, disiki ao waya wake. 0x1A na 0x50, anzia rami. 0x0A, mara nyingi draiva. 0x116, karti ya picha ao draiva yake. 0x9F, draiva haitaki kulala ao kuamka. 0x124, ni vyuma vyenyewe, joto ao umeme ao prosesa. Lakini kodi zikibadilika kila siku, leo 0x0A kesho 0x50 keshokutwa 0x1A, hapo usihangaike na kila moja, nenda kupima rami.

Umeme

Umeme wetu ni 220V kwa karatasi. Kwa ukweli unaenda unarudi, na ile dakika unarudi ndiyo mbaya, juu friji na pasi zote za mtaa zinaanza pamoja. Zoeza watu kudebranshe (kuchomoa waya) wakati wa delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) na kungoja kidogo umeme utulie kabla ya kuwasha.

Kuna sekretaria moja (duka la kuchapisha) pale karibu na chuo kikuu, mashini ya mezani ilikuwa inajirestart mchana tu, asubuhi hakuna shida. Walikuwa wameshaformata, wameshabadilisha rami. Nikakaa hapo nikaangalia wanavyofanya kazi. Mwanafunzi anakuja, anafungua faili, wanafinya imprimer, taa inapungua nguvu kidogo, mashini inazima. Imprimanti ya laser ilikuwa kwa multiprise moja na mashini, na zote mbili nyuma ya onduleri ndogo (kisanduku chenye batri kinachoshika umeme ukikatika). Imprimanti ya laser ikipasha joto ile roulo yake ya ndani inavuta umeme mwingi sana kwa ghafla, zingine karibu wati 1000, na onduleri ndogo haiwezi, inakata. Asubuhi hakukuwa na watu wa kuimprime, ndiyo maana. Imprimanti tukaibranshe peke yake kwa ukuta na shida ikaisha. Laser haikai kwa onduleri, kabisa.

Kwa mashini za mezani za zamani zinazotoka inje, angalia nyuma ya alimantasyo kama kuko kaswichi kekundu ka 115 na 230. Ikitoka Marekani mara nyingi iko kwa 115, ukiibranshe hapa utasikia mlio mmoja na harufu. Ibadilishe kabla, si baada.

Kisha fungua. Tafuta kondasateri, zile silinda ndogo ndogo karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa. Kama kimevimba ao kimetoa maji ya kahawia yamekauka, hapo umepata mwizi wako, na mashini nyingi za kati ya 1999 na 2007 ziko na huo ugonjwa juu kondasateri mbaya zilijaa kwa viwanda kipindi kile. Mtu mwenye fer à souder anaweza zibadilisha, lakini alimantasyo yenyewe usiifungue kama si fundi, inabakiza umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.

Ukiwa na multimeta: waya ya njano kwa mashini inayofanya kazi inatakiwa kati ya 11.4V na 12.6V, nyekundu kati ya 4.75V na 5.25V. Pima wakati inafanya kazi nzito, si ikiwa imetulia. Kwa laptop, toa batri uendeshe na sharja peke yake, kisha ufanye kinyume. Kama ni moja tu inasumbua umejua. Na sharja yenye volti sawa haitoshi, angalia wati pia, laptop inayotaka 90W ukiipa 65W itaenda pole pole ao itazimika ikipewa kazi.

Kabatri kadogo ka CR2032

Kanauzwa bei ndogo na kanaleta fujo kubwa. Ni ile batri ya mviringo ya 3V kwenye madabodi (bodi kuu), inashika saa na mipangilio ya BIOS (programu ya kwanza inayoamsha mashini). Ikiisha, kila ukidebranshe mashini saa inarudi nyuma miaka mingi. Sasa mtu anafungua intaneti, kila tovuti inakataa, inasema connexion si salama, anafikiri ni virusi. Si virusi. Sertifika ya tovuti iko na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashini inayodhani tuko 2009 inaona sertifika haijaanza kuishi. Rekebisha tarehe, tovuti zinafunguka. Kama tarehe ni sahihi na bado inakataa kwa XP ao Windows 7 isiyopata mise à jour, basi ni sertifika za mizizi za zamani, kuko moja kubwa iliyoisha tarehe 30 mwezi wa 9 2021 na mashini nyingi zikaanguka siku ile. Firefox inabeba sertifika zake yenyewe, jaribu nayo.

Fujo ya pili ni mbaya zaidi. BIOS ikipoteza mipangilio inarudi kwa ya kiwanda, na saa ingine ile ya kiwanda inaweka disiki kwa mode IDE wakati Windows iliwekwa kwa AHCI, ao kinyume (hizo ni namna mbili za mashini kuongea na disiki). Unawasha, ekra ya buluu, 0x7B. Hapo fundi mwenye haraka anaformata! Ingia BIOS (F2, F10 ao Delete), tafuta SATA Mode, badilisha, save, jaribu. Ikiwaka, ununue kabatri, kazi imeisha.

Kitu kimoja kwa wenye AZERTY: ndani ya BIOS klaviye inafanya kazi kama QWERTY, kwa hiyo ukiweka password yenye A umeandika Q. Watu wamejifungia inje ya mashini yao hivyo.

Vumbi yetu

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na ile vumbi nyeusi si kama vumbi ya kawaida, iko inakwaruza, na ikipata unyevu inaweza hata kupitisha umeme. Ndani ya laptop inajikusanya kati ya vantilateri na radiateri, ikichanganyika na nyuzi za nguo inakuwa kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kwa inje huioni, inabidi utoe vantilateri kabisa ndiyo unaikuta imeziba.

Pima joto kwanza. HWMonitor ao Core Temp, ni ndogo hazili mega mingi. Ikiwa imetulia digrii 40 mpaka 55 ni sawa. Ikifanya kazi na kupita 90 kuna shida, prosesa nyingi za Intel za laptop zinajipunguza nguvu karibu na 100 na zikizidi zinajizima.

Kusafisha: zima, toa batri, finya batoni ya kuwasha sekunde kadhaa. Shika vantilateri na kidole ama kijiti isizunguke wakati unapuliza, juu ikizunguka sana inaweza haribika. Kompresa ya kwado inajaribu watu lakini inatoa maji pamoja na upepo na nguvu yake ni ya kujaza pneu ya Fuso, bora brashi ya rangi laini na uvumilivu. Kisha toa pati termike (ile krimu inayopitisha joto juu ya prosesa) ya zamani iliyokauka, safisha kwa alkoli, weka mpya, tone dogo kama punje ya mchele, usipake kama siagi.

Rami

Toa rami, safisha meno yake ya dhahabu na gomu nyeupe ya shule, rudisha mpaka isikike "tak". Mashini nyingi zinapona hapo. Kama hapana, acha moja tu, jaribu, badilisha fasi, jaribu, kisha ile ingine. Komandi ya `mdsched` inapima bila kudownload kitu. MemTest86+ kwa kle ni kali zaidi, inatakiwa izunguke saa nyingi, sasa na delestaji chagua usiku ambao umeme unakaa. Kosa hata moja jekundu, ile rami haifai, hakuna kosa dogo kwa rami.

Ukinunua ya okazyo, DDR3 na DDR3L zinafanana kwa macho lakini ya kwanza ni 1.5V na ya pili 1.35V. Laptop nyingi za Intel kizazi cha 4 zinataka DDR3L tu, ukiweka ingine haziwaki. Na Windows ya bit 32 haitumii zaidi ya GB 4, mara nyingi unaona 3.2 ao 3.5, hata uweke GB 8 unajidanganya.

Disiki duru

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya disiki. Angalia mistari ya 05, C5 na C6. Ikiwa si zero, hasa C5, na namba inapanda kila siku, disiki inakufa, copy mafaili leo. C7 ikipanda peke yake, badilisha kwanza waya wa SATA kabla ya kulaumu disiki. Na tafadhali usipige `chkdsk C: /r` kwa disiki inayokufa kabla ya kutoa mafaili, inailazimisha kusoma kila kona na inaweza kuimaliza.

Kama unaweza kupata SSD (disiki isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya inchi 2.5, hata ya GB 120, hiyo ndiyo pesa inayofanya mashini ya zamani ibadilike kuliko kitu kingine chochote. Lakini Birere (mtaa wa biashara hapa Goma) na sokoni kuko SSD na kle za uongo, zinaandika GB 512 wakati ndani ni GB 32, unacopy vizuri kisha mafaili hayafunguki. Programu ya H2testw inazikamata, pima mbele ya muuzaji kama anakubali, asipokubali ushajua.

Kutenganisha vyuma na Windows

Hapa ndipo ninapenda. Weka Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kwa kle, Mint ao antiX, washa mashini kutoka kwa kle bila kuinstall, ifungulie video, ifanyize kazi saa moja ama mbili. Ikiplanta na huko, ni vyuma, rudi juu. Ikienda vizuri, basi sasa, na ni sasa tu, unaweza kuanza kushuku Windows ao disiki. Ukitumia Rufus kutengeneza hiyo kle kwa mashini ya BIOS ya zamani chagua MBR, si GPT, la sivyo kle haitaonekana.

Windows na draiva

Windows 10: shika Shift ukifinya Redémarrer, utafika kwa mode sans échec (Windows inawaka na vitu vya lazima tu). Windows 7: F8. Kama kwa mode sans échec haiplanti, draiva ao programu inayoanza na Windows ndiyo adui. Fungua `devmgmt.msc`, kile kifaa kilichobadilika karibuni, Propriétés, Pilote, rudisha ya zamani.

Kifaa kisichojulikana? Tab Détails, chagua numéros d'identification du matériel. VEN_8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek. Chukua hiyo VEN na DEV utafute kwa tovuti ya aliyeunda laptop. Yale mapaketi ya "draiva zote" mimi siyapendi, yanaweka draiva isiyo yako pamoja na matangazo.

Kukarabati mafaili ya Windows 8 na zaidi, kwa invite de commandes ya administrateur, kwanza `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` halafu `sfc /scannow`. Ya kwanza inaweza kula mega, ujipange. Windows 7 piga sfc tu.

Programu ya zamani kwa Windows mpya, na kinyume

Klik ya kuume kwa ikoni, Propriétés, Compatibilité. Jaribu Windows XP SP3 ao Windows 7, weka na alama ya administrateur. Programu za kontabilite na za shule za miaka ile zinapenda kuandika data ndani ya Program Files, na tokea Vista Windows inakataa, inaficha ile data kwa fasi nyingine inaitwa VirtualStore, ndiyo maana mtu anasema "data zangu zimepotea" na hazijapotea. Ukiinstall upya iweke kwa `C:\Kazi`, shida inaisha.

Programu ikikosa VCRUNTIME140.dll ao MSVCP140.dll, usidownload ile DLL moja kwa tovuti za ajabu, chukua Visual C++ Redistributable ya Microsoft, zote mbili x86 na x64. d3dx9_43.dll, ni DirectX ya Juni 2010. Ikiomba .NET 3.5 na huna mega, branshe kle ya installation ya Windows ileile, tuseme ni D:, kisha:

`dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess`

Programu za bit 16, zile za DOS na Windows 3.1, hazifunguki zenyewe kwa Windows ya bit 64. Tumia DOSBox kwa za DOS, ao uweke Windows ya bit 32. Imprimanti ya zamani nayo ni hivyo hivyo, draiva ya bit 32 haikubali kwa Windows ya bit 64.

Kwa upande mwingine, Windows 7 inakosa brauza: Chrome ya mwisho kwake ni 109, Firefox ya mwisho ni 115 ESR. Ukiona tovuti zinafunguka nusu nusu, ni hiyo.

Na Windows 11, watu wanailazimisha kwa Core 2 Duo. Toleo la 24H2 linataka SSE4.2 (kundi la amri za ndani) kwa prosesa na Core 2 Duo haina, kwa hiyo haiwaki kabisa, hakuna njia ya pembeni. Rasmi inataka TPM 2.0 (chip ya usalama) na kwa Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 nayo imemaliza msaada wa kawaida tarehe 14 mwezi wa 10 2025, ila ile program ya ESU (mise à jour za usalama za ziada za Microsoft) inaongeza mwaka mmoja wa usalama mpaka mwezi wa 10 2026. Mashini ya GB 4 yenye SSD inaweza kukaa na Windows 10 kwa kazi za Word, ao ipewe Linux Mint kama mwenye nayo ni wa intaneti na barua tu. Ile ya bit 32 kabisa yenye GB 1 ya rami, antiX, na LibreOffice ndani, usiifungulie tabo kumi za brauza.

Kama umepita kote huku na bado inatoa 0x124, ni prosesa ao madabodi. Bei ya madabodi ya laptop ya zamani mara nyingi inakaribia bei ya laptop ingine ya okazyo. Toa rami, disiki, ekra, klaviye na sharja, uziuze ama uziweke, juu wiki ijayo kuna mtu ataleta ya modeli ileile yenye klaviye iliyomwagiwa chai.